Bango la Mdomo Wazi

Mwanangu Doto,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na anayeandika husema yeye ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Wewe hauko mbali. Uko nyuma ya ukuta huu. Nasikia kitanda kikilia unapogeuka kumnyonyesha Malimi, na nakisikia kikohozi chake. Kwa hiyo hali yako naijua, na yangu utaijua ukifika mwisho wa karatasi hizi. Usinicheke kwa mwandiko. Mkono wangu umezoea brashi, na herufi zangu zinatoka kubwa kama za duka la vipuri.

Mambo ya kila siku mama yako ameshakuambia. Maji ya kuchemsha, kumfunika mtoto kifua gari likiondoka Pasiansi, kutomjibu mkweo akiwa na hasira. Ameyasema tangu ulipoanza kufunga mizigo, na ataendelea kuyasema mpaka gari lipige honi, nami sitayarudia. Nataka kusema juu ya chakula cha leo.

Masanja amekuja kukuchukua kwa heshima zote. Amenipa shikamoo hata kabla hajavuka mlango, amemletea mama yako kitenge na sukari, amembeba mtoto wake bila kuona aibu mbele yetu. Sina neno naye. Nilipokupeleka kwao nilijua nakupeleka kwa mtu. Amekula sato na ugali, ameshiba, amenawa, ndipo akatoa alichotumwa.

"Baba, mama amesema mtoto akifika apelekwe kwa fundi. Kikohozi hiki kisichokwisha ni kimeo. Kuna fundi njiani pale, kabla hujaingia Kisesa, ana bango zuri sana. Mdomo umechorwa uko wazi, mpaka kimeo chenyewe unakiona."

Mama yako akaniangalia. Wewe pia ukaniangalia, na mkono wako ukasimama juu ya sahani. Mimi nikafinyanga tonge langu mpaka likapoa, kisha nikasema, "Ongeza mboga, Masanja." Basi. Ukaondoa vyombo hujamaliza kula, na tangu hapo hujanitazama tena machoni.

Najua ulikuwa unangoja nini. Ulikuwa unamngoja baba aseme neno moja, kwa sababu ukilisema wewe utaitwa mkaidi, na akilisema mama yako itakuwa ni maneno ya wanawake. Nami ninaye mtoto kaburini kwa sababu ya kitu hichohicho. Umeshangaa nimewezaje kunyamaza. Nakuandikia ujue nilichokuwa nakifikiria wakati nafinyanga lile tonge, maana hakikuwa unachokidhania.

Lakini nianze na Kulwa, kwa sababu kila kitu katika nyumba hii kinaanza naye.

Mahali popote unapotaja jina lako watu wanakuuliza Kulwa yuko wapi. Ukiitwa Doto lazima pawe na aliyekutangulia. Nimekusikia ukijibu kwa namna tofauti kadiri ulivyokua. Ulipokuwa mdogo ulisema yuko nyumbani. Ulipoingia sekondari ulisema amesafiri. Siku mshenga wa akina Masanja alipouliza, ulisema alikufa tukiwa wachanga, ukamwongezea chai. Mimi nilikuwa nimekaa pale, na nilikushukuru kimoyomoyo kwa kutosema alikufaje. Ona jinsi nilivyo. Hata siku ya kupokea posa yako nilikuwa nashukuru kwa kufichiwa.

Wakati mnazaliwa nilikuwa nachora chati za mwili katika karakana ya vifaa vya shule, kule Ilemela. Shule hazikuwa na picha za kuchapwa. Mashuka ya marekani yalikuwa yanatandazwa mezani, nasi tunachora kwa mkono mifupa, moyo, mapafu, macho, kisha yanapigwa ubao juu na chini na kupelekwa Magu, Sengerema na visiwa vya ziwa hili. Msimamizi wetu alikuwa mzee mkali asiyecheka. Siku ya kwanza alinikuta nimeanza kuchora mtu kwa mistari, akaifuta yote. Akasema mwili hauna kona. Kila kiungo kianze na duara, na mistari itafuata yenyewe.

Nikajifunza mwili kwa maduara. Fuvu, mboni ndani ya jicho, pia ya goti, vifundo vya miguu, kitovu, figo mbili, kichwa cha mfupa wa paja kinavyokaa ndani ya nyonga. Nilivijua kwa majina na kwa mahali pake. Na duara la mwisho kabisa, lililochorwa kwa brashi ndogo kuliko zote, lilikuwa lile linaloning'inia nyuma ya ulimi, kimeo. Nilichora maelfu, nadhani, maana kila koo lilikuwa na chake. Mara moja nilimwuliza mzee kazi yake ni nini. Akanijibu kwamba kwa sasa kazi yake ni kuchorwa, na gari la Magu linangoja. Tulijua kilipo na kinavyoitwa, tukadhani huko ndiko kukijua.

Na mimi mwenyewe sina. Nadhani hilo sikuwahi kukuambia. Nilikatwa nikiwa mtoto, kama watoto wote wa ukoo wetu. Kiungo nilichokuwa nakichora kila siku mdomoni mwangu hakipo, nilikuwa nakichora kwa kuangalia kitabu.

Mlipougua kikohozi, mama yako naye alikuwa kitandani na homa, hajitambui vizuri. Bibi yako, mama yangu, akaja kutusaidia. Akawafungua midomo mmoja mmoja kwenye mwanga wa dirisha, akasema vimeo vimeshuka, ndiyo maana mnakohoa na kutapika maziwa. Nikasema tuwapeleke kwanza zahanati. Akaniangalia, akasema, "Wewe ulikatwa. Ulikufa?" Mtu mzima, mwenye mshahara, ninayechora mwili wa binadamu kwa ajili ya shule za mkoa mzima, na sikuwa na jibu kwa sababu nilikuwa hai. Nikawabeba, wewe mgongoni kwa bibi yako na Kulwa kifuani kwangu.

Fundi alikuwa mzee mpole. Nataka ulijue hili, maana nadhani akilini mwako umemchora mtu mwenye macho mabaya. Alinawa mikono. Aliwasalimu ninyi watoto kama watu wazima. Alitandika mkeka safi, akasema tuanze na Kulwa kwa sababu ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na hakuna aliyeona jambo la ajabu katika hilo. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Viganja vyangu vilikijua kichwa kile, nilikuwa nimeshachora vingi, na nakumbuka niliwaza kwamba ni duara zuri. Hilo ndilo nililokuwa nawaza.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Waya uliokunjwa ncha, kisu kidogo, unga wa dawa. Kisha akanionyesha alichokikata, kiko juu ya jani, kama punje ya hindi bichi. Akasema, "Unaona? Hiki ndicho kilichokuwa kinamsumbua." Nikakitazama kwa jicho la kazi. Hakikuwa kirefu. Hakikuwa na usaha, wala kuvimba. Kilikuwa kilekile nilichokuwa nakichora kila siku, kama kimetoka kwenye kitabu. Nikajua palepale kwamba tumemkata mtoto kitu kizima.

Shangazi zako wanasimulia kwamba nilipoona hivyo nilikunyakua nikakimbia nawe, na wanasema wewe uko duniani kwa sababu ya baba yako. Nimewaacha wasimulie hivyo miaka yote. Sikukunyakua, mwanangu. Fundi alisema sasa Doto, nami nikakupokea kutoka kwa bibi yako, nikakuweka mapajani, nikakufungua mdomo kwa kidole changu mwenyewe. Nilikuwa nimeshajua, na bado nikakufungua mdomo, kwa sababu kusimama na kusema basi mbele ya mama yangu na mzee yule kulinishinda. Kilichokuokoa ni kwamba bibi yako aliita. Kulwa alikuwa ametapika damu kwenye khanga yake. Uliponea kwa sababu ulikuwa wa pili.

Alikuwa ametulia, unajua. Ndiyo maana hatukushtuka mapema. Mtoto mdogo hatemi damu, anaimeza. Sisi tulimwona amefumba macho, koo linapanda na kushuka, tukasema amepata nafuu, analala. Alikuwa anameza. Hatukufika naye hospitali.

Homa ya mama yako iliposhuka aliomba aletewe watoto, akasema hivyo, watoto. Nikakuleta wewe. Mlikuwa mmegawana matiti, la kulia lako na la kushoto la Kulwa, kama mapacha wengi wanavyofanya, na wewe ulikuwa mkali kwa lako. Siku zile titi la kushoto lilijaa likawa gumu kama jiwe. Tulijaribu kukuweka hapo ulinyonye umpunguzie maumivu, ukakataa. Uligeuza kichwa ukalia, ukalitaka lako, kana kwamba unamtunzia mwenzio. Mama yako hajawahi kunilaumu kwa neno hata moja. Alikuwa anakamua yale maziwa kwenye bakuli, anayamwaga chini ya mpapai nyuma ya nyumba, na mimi nasimama namtazama. Baada ya hapo hatukupata mtoto mwingine, na watu wakaacha kuniita Baba Kulwa. Wakaanza kuniita Baba Doto, kwa huruma nadhani, na mimi nikaitika.

Nikarudi kazini. Nikachora koo, meno, ulimi, na nilipofika pale nyuma mkono ukakataa. Nikavuta mstari, nikaandika jina la kimeo mwisho wa mstari kama ilivyotakiwa, nikapaacha patupu. Nilidhani mzee atanirudishia shuka langu. Alilitazama kwa muda, akatazama na uso wangu, akalikunja akaliweka kwenye fungu la kupelekwa. Tangu hapo nilichora hivyo. Chati zangu zilitundikwa madarasani kote kuzunguka ziwa hili, mstari na jina vinaelekeza mahali ambapo hapana kitu.

Ndipo ukafika darasa la tano. Ulirudi nyumbani na sare yako, hujavua hata viatu, ukaniuliza, "Baba, kwenye ile chati yako, kimeo kiko wapi?"

Nikakuambia nilisahau.

Nilidhani yameisha hapo. Baada ya siku chache mwalimu wako aliniita, akanionyesha chati. Ulikuwa umepanda juu ya dawati wakati wa mapumziko, ukakichora kwa penseli. Kiduara kidogo, kimekaa mahali pake sawasawa. Alikuwa amekuchapa kwa kuharibu mali ya shule, akataka nami nikukanye. Nikamwambia nitakukanya. Sikukukanya. Nilirudi kwa miguu hadi Pasiansi, njia nzima nawaza kwamba mtoto wa darasa la tano amesahihisha kazi yangu na amechapwa kwa ajili yake. Hukuniambia kwamba ulichapwa, na mimi sikukuambia kwamba najua. Muda mfupi baadaye shangazi yako mkubwa alikusimulia habari za Kulwa, zile zenye baba shujaa. Hukuniuliza tena.

Sasa nifike kwenye bango.

Unakumbuka karakana ilivyofungwa. Biashara ilipofunguliwa, maduka ya mjini yakajaa chati za plastiki kutoka nje, zinang'aa, kila kitu kimo, bei rahisi kuliko shuka letu tupu. Nani angetununua? Walitushukuru kwa utumishi wetu, tukaenda nyumbani. Nikaanza kuchora vibao. Vinyozi, wenye soda, maduka ya dawa, kijana wa mitumba aliyetaka suruali ichorwe ndefu kuliko nyumba yake. Kila kinyozi anataka kichwa kilekile, kisogo kimekatwa mraba. Nikasahau kwamba niliwahi kuambiwa mwili hauna kona. Ilikuwa kazi, tulikula, lakini mkono wangu ulikuwa unakufa taratibu, na nilikuwa mtu wa hasira siku zile, mnaniogopa wote wawili.

Akaja kijana na baiskeli, ametoka njia ya Kisesa. Amerithi ufundi wa kimeo kwa mjomba wake na amefungua sehemu yake. Anataka bango kubwa, mdomo uko wazi, kimeo kionekane na aliye ndani ya gari. Alikuwa amemuuliza kila mchoraji mjini na wote wamemwambia mtu wa koo ni yule wa Pasiansi.

Nilijua anataka nini na ni kwa ajili gani. Nisikudanganye kwamba nilihangaika sana. Nilijiambia nyumbani hakuna unga, na ni kweli haukuwepo, lakini si sababu hiyo. Tangu karakana ifungwe hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu ambacho mimi tu ndiye ninayekijua. Nikasema ndiyo. Nikaenda huko na rangi zangu, nikaanza kwa maduara. Meno yakakaa, ulimi ukakaa, pale nyuma pakainama vizuri, na nilipofika kwenye kimeo mkono haukukataa. Miaka yote ile uliwakatalia watoto wa shule, na kwa fundi wa kimeo ukaenda wenyewe. Nilikichora kikubwa, chekundu, kina mng'aro wa mate. Kisha nikarudi nyuma kidogo kukitazama, nikafurahi. Nilifurahi, Doto. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote niliyokuandikia.

Sasa unajua nilikuwa nafinyanga nini kwenye lile tonge. Masanja alikuwa anausifu mkono wangu. Kona ya chini ya bango nimeandika jina langu kama ninavyoandika kwenye vibao vyote, ila Masanja hakulisoma. Mkweo amelipita akienda mnadani, amemwona fundi yule kuwa mtaalamu, akasema mjukuu wake apelekwe hapo. Mimi ndiye niliyemwita.

Tangu nilipochora bango lile Kulwa amerudi. Zamani alikuwa nami lakini hakunitisha, alikuwa anakua pamoja nawe. Nilipokununulia viatu nilijua namba ya viatu vyake. Siku ya harusi yako niliona mahali ambapo angesimama, nikapaacha. Hata kuzeeka naye nisingeogopa. Lakini sasa simwoni tena, namsikia. Nasikia mtu anameza. Nikiwa nachanganya rangi, nikiwa kanisani watu wakiwa kimya, nasikia nyuma yangu koo la mtoto linameza, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua. Leo Masanja alipokunywa maji baada ya kula, niliyasikia makoo mawili. Mama yako nimemwambia jioni hii. Aliendelea kukunja nepi za Malimi, mwisho akasema yeye amemsikia tangu siku ile ya kwanza, na alikuwa anashangaa mimi nimekuwa kiziwi kwa muda gani.

Mchana, kabla ya chakula, alikuwa anamwogesha Malimi uani. Maji yalikuwa ya baridi kidogo, mtoto akalia kwa nguvu zake zote. Nilikuwa napita na kopo langu la mafuta ya taa, na jua lilikuwa limeingia moja kwa moja mdomoni mwake. Nikakiona. Kimekaa katikati, kidogo, chekundu, cha mviringo, kinatetemeka na kilio. Nilikuwa sijakiona kwenye mdomo wa mtu aliye hai tangu nilipokufungua wewe mdomo. Mama yako aliniambia nimsogezee taulo, sikumsikia. Nilisimama pale mpaka mtoto akanyamaza na kufunga mdomo wake, na nikashindwa kukumbuka nilikuwa naenda wapi na lile kopo.

Wewe mwenyewe ulimpeleka zahanati, ukaambiwa kifua ni safi, ni mafua na vumbi la kiangazi, atapona. Unalijua kuliko mimi. Sina la kukufundisha juu ya mwanao. Nina moja tu nililolijua kwa gharama, nalo si la kumtukana mtu. Katika lile jambo letu hakukuwa na mtu mbaya. Bibi yako alikuwa anawapenda, aliwaimbia njia nzima. Fundi alinawa mikono. Mimi nilikuwa baba mzuri, kila mtu alisema hivyo. Watu wazuri watatu tuliuzunguka mkeka, kila mmoja anamstahi mwenzake, na mtoto akafa katikati yetu. Kwa hiyo usingoje umwone mkweo ana nia mbaya ndipo ukatae. Hatakuwa nayo. Atakuwa na upendo, na uji wa moto, na atakuuliza kama Masanja alipokatwa alikufa. Mimi niliulizwa hivyo na nikakosa jibu, na hadi leo silijui jibu lake zuri. Nadhani halipo. Nadhani mtu anabeba mtoto wake tu na kuondoka bila jibu, watu wanamwona mjinga, na yeye anakubali kuwa mjinga.

Lakini sitaki ukabebe hilo peke yako. Watasema ng'ombe wa mahari walitoka na mtoto ni wa kwao, na wewe bado mgeni katika nyumba ile. Ndiyo sababu kesho nitapanda gari pamoja nanyi. Najua baba hamfuati binti yake ukweni bila kuitwa. Najua watakavyonitazama nikishuka na koti langu la kanisani, mama mkwe anatafuta kiti, majirani wanachungulia. Jioni hii nilimfuata Masanja uani nimweleze, nikamkuta anatengeneza mkanda wa begi, nikaishia kumuuliza habari za pamba. Akanieleza habari za pamba kwa kirefu sana. Ni kijana mzuri.

Tutalipita bango. Nitakuonyesha, na Masanja nitamwonyesha jina langu kwenye kona. Bango si mali yangu tena, mwenyewe amelilipia, na sijui nitamwambia nini kijana yule, ila nitashuka pale siku ya kurudi nikamwambie. Kwanza nikae na mkweo. Nimwambie tulimshika Kulwa vipi, alimeza nini, na ni nani aliyeuchora ule mdomo.

Najijua, Doto. Umeniona leo. Naweza kufika, nikapewa kiti kizuri na soda ya baridi, nikaulizwa habari za Mwanza, nikaanza kusimulia bei ya samaki na mvua iliyochelewa, na mtoto yupo pale pale anakohoa. Ndiyo maana nimeandika. Nitakupa karatasi hizi mkononi kabla hatujatoka, mama yako akiona, nisipate njia ya kuzichana. Ziweke kwenye mfuko wa nepi za Malimi, zisikae mbali nawe.

Ukiona soda yangu imefika nusu na bado nazungumza habari za mvua, usinionee haya. Ulishapanda juu ya dawati mara moja kusahihisha kazi yangu. Zitoe uzisome kwa sauti mbele yao wote, uanzie pale Kulwa alipokuwa anameza. Nitakuwa nimekaa hapohapo, na wakiniuliza kama ni kweli, nitasema ndiyo.

Ni mimi,
Baba Kulwa